Dola Saba za Orrin Teague

Kazi yangu ilikuwa kukumbuka:
kitambaa cha shingoni kimefungwa upande gani,
sigara imebaki urefu gani,
bastola ya risasi sita imelia mara ngapi.
(Kumi na moja. Niliandika. Mwongozaji akacheka.)
Tulipewa siku sita, filamu ianze na iishe.

Jabali lilikuwa moja, juu ya bonde la San Fernando.
Jumatatu lilikuwa Teksasi,
Jumatano likawa Wayoming bila kusogea hata shubiri.
Majambazi walilizunguka mara tano wakifukuzwa,
na baada ya mkate na nyama baridi
majambazi wale wale wakavua kofia nyeusi, wakavaa nyeupe,
wakajifukuza wenyewe.

Fedha zikipungua, Bwana Fennimore alitazama saa
akasema: Aimbe.
Wimbo ni rahisi kuliko ng'ombe.
Ng'ombe anakula, ananya, anakodishwa kwa kichwa;
mtu na gitaa kando ya moto
humeza dakika tatu nzima na hadai nyasi.

Basi Wade Corliss akaimba.
Shati la darizi, halina tone la jasho.
Gitaa halina nyuzi,
maana sauti ilikwisha fungwa kwenye santuri tangu Machi;
vidole vyake vikapapasa hewa
kama vya mtu anayetafuta swichi gizani.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Orrin Teague akaanguka.
Ndiyo kazi aliyoajiriwa, kuanguka.
Shamba lake la Oklahoma lilipeperuka lote,
akaja na mke, na godoro juu ya gari,
akauliza kama kuna kazi yoyote ya farasi.
Waya ukakaza. Farasi akapiga magoti.
Orrin akapita juu ya shingo, akabiringika mara mbili,
mkono wa kushoto ukabaki chini yake.
Nikaandika: mkono wa kushoto, chini. Kofia nyepesi, imetoka.
Nikaandika: vumbi zuri.
Akainuka, uso kama unga.
"Imetosha, bibie, au nirudie?"
Dola saba. Alizihesabu kwa mkono wa kulia.

Mkanda ukaingia koponi, kopo likaingia rafuni,
na mwezi wa nane, filamu nyingine, jambazi mwingine,
Fennimore akasema: tumlipe mtu wa nini? Anguko tunalo.
Orrin akaanguka bure.
Krismasi akaanguka tena.
Alianguka mara moja, sisi tukamwangusha mara nne,
na kila mara wimbo ulianza hata hajatua.
Aliye juu mngoje chini, husema watu.
Huyu alikuwa juu sekunde moja tu,
na hata hiyo tuliikata fupi.

Jumamosi moja, Bakersfield, kiingilio senti kumi,
nilikaa nyuma ya watoto wenye karanga
waliompigia Corliss miluzi: Acha kuimba, piga risasi!
Mstari wa mbele yangu, mwanamke
aliyevaa koti la kiume, mikono imekunjwa mara mbili,
na mvulana wa miaka saba hivi.
Mvulana hakuwa na habari na kauboi.
Jabali lilipotokea alipanda juu ya kiti.
"Sasa," alisema. "Sasa, mama. Tazama."
Farasi akapiga magoti.
Watoto wa nyuma wakamfokea akae.
Mama yake alikuwa ameinama,
anatafuta kitu ndani ya mkoba, hakipati.

Kazi yangu kukumbuka, na kosa niliona:
jambazi anakimbia na kofia nyeusi,
anaanguka na nyepesi.
Ukumbi mzima hakuna aliyeguna.
Taa zikawaka. Kalamu ilikuwa mfukoni, ikabaki mfukoni.
Filamu ingerudiwa saa nane.
Nilipotoka, wale wawili walikuwa bado wamekaa.